Koloni la Roanoke: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapoligusia koloni hili, maswali yanayonijia ni yaleyale, na mengi huanza na neno "fumbo". Nimeyakusanya hapa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya pembeni. Swali lililokwisha kujibiwa sitalirudia, nitakuelekeza tu lilipo. Msimamo wangu nautanguliza: walowezi wa Kiingereza wanaosemwa walitoweka hapa mwishoni mwa karne ya 16 hawakuyeyuka. Walihama, wakaacha wameandika wanakohamia, na aliyetakiwa kuwafuata hakufika.

## Mambo ya msingi

1. Roanoke ni wapi hasa?

Ni kisiwa kidogo, urefu wake kama kilomita 13 na upana kama 3, katika jimbo la North Carolina, pwani ya mashariki ya Marekani. Hakipigwi na bahari kuu moja kwa moja. Mbele yake upo mlolongo wa visiwa vyembamba vya mchanga vinavyoitwa Outer Banks, na kati ya mchanga huo na kisiwa kuna maji mapana yenye kina kifupi.

Aliyekulia Lamu ataipata picha upesi: kisiwa kiko ndani, bahari kuu iko nje, na milango ya kupitia ni michache. Tofauti ni kwamba huku milango yenyewe ni ya mchanga unaohama. Dhoruba moja inaweza kuufunga mlango wa jana na kutoboa mwingine mbali na hapo. Likumbuke hili, kwa sababu nusu ya balaa zote zilizofuata zilitokana na mchanga huo.

2. Kwa ufupi, ilikuwaje?

Mwaka 1584 Waingereza walituma merikebu mbili kupeleleza. Mwaka 1585 wakapeleka wanaume watupu, wengi wao askari, ambao walikaa chini ya mwaka mmoja, wakagombana na wenyeji na kurudi kwao. Mwaka 1587 wakapeleka familia: wanaume, wanawake na watoto. Gavana wao, John White, alirudi Uingereza kutafuta chakula na vifaa akidhani angerejea baada ya miezi michache. Alirejea Agosti 1590, akakuta boma tupu na neno moja limechongwa kwenye nguzo.

3. Je, hili ndilo lililokuwa koloni la kwanza la Wazungu Marekani?

Hapana. Wahispania walikuwa na mji wa St. Augustine, Florida, tangu 1565. Roanoke ni jaribio la kwanza la *Waingereza* kuweka watu wa kukaa katika nchi ambayo leo ni Marekani. Lililodumu ni Jamestown, lililoanzishwa 1607, na ndiyo maana hilo ndilo linalotajwa mno vitabuni.

4. Nani alikuwa mwenye mradi, na yeye alifika?

Walter Raleigh, kipenzi cha Malkia Elizabeth I. Kaka yake wa mama mmoja, Humphrey Gilbert, alikuwa na hati ya kifalme ya kuanzisha makoloni, akafa baharini 1583. Tarehe 25 Machi 1584 Raleigh akapewa hati kama hiyo. Nchi akaiita Virginia, maana yake nchi ya bikira, kwa heshima ya malkia ambaye hakuolewa. Januari 1585 akatunukiwa cheo cha *Sir*.

Kufika hakufika. Malkia hakutaka aende mbali na kasri. Raleigh hakuwahi kukanyaga North Carolina maisha yake yote, ingawa mji mkuu wa jimbo hilo leo unaitwa Raleigh.

5. Kwa nini walichagua mahali pabaya hivyo?

Pabaya kwa mkulima, pazuri kwa mwizi. Miaka ile Uingereza na Uhispania zilikuwa zinaingia vitani, na merikebu za Kihispania zilizojaa fedha na sukari zilirudi Ulaya zikipita kando ya pwani hiyo. Waingereza walikuwa na uharamia wa kibali: serikali inakupa karatasi, unateka merikebu ya adui, mnagawana. Kituo kilichofichwa nyuma ya mchanga, karibu na njia hiyo, kilikuwa na maana kubwa kwao.

Kilichowashinda ni kwamba maficho yaliyomzuia Mhispania yalimzuia na Mwingereza. Merikebu kubwa zilitia nanga nje baharini, kwenye upepo, na mizigo ikavushwa kwa mashua. Tarehe 29 Juni 1585 merikebu yao kubwa, Tiger, ilikwama mchangani ikipita mlangoni, maji ya chumvi yakaingia, na sehemu kubwa ya chakula cha mwaka mzima ikaharibika kabla hawajajenga hata kibanda kimoja.

## Wenyeji na walowezi

6. Wenyeji walikuwa akina nani?

Watu wa lugha za Kialgonkwia, waliokaa kwenye vijiji vya wakulima wa mahindi, wavuvi na wawindaji. Hawakuwa na mfalme mmoja. Kisiwa cha Roanoke na ng'ambo yake bara vilikuwa chini ya Wingina. Kusini, kwenye kisiwa cha mchanga kinachoitwa leo Hatteras, waliishi Wakroatoani.

Wawili kati yao wajue kwa majina, maana watarudi mara kwa mara: Manteo, Mkroatoani, na Wanchese, mtu wa Roanoke. Wote wawili walichukuliwa London 1584. Huko msomi Thomas Harriot alijifunza lugha yao akiwauliza neno kwa neno, akabuni hata herufi za kuiandikia. Walirudi kwao 1585 wakiwa na maoni tofauti kabisa. Manteo alibaki rafiki wa Waingereza. Wanchese aliwaona walivyo kwao, akarudi akajitenga nao na kuwa adui yao. Natamani tungekuwa na maelezo ya Wanchese mwenyewe kuhusu London, lakini wenye kalamu walikuwa upande mmoja tu.

7. Uhusiano uliharibika vipi?

Ulianza vizuri. Mwaka 1584 Granganimeo, ndugu yake Wingina, aliwapokea wageni kwa chakula na biashara ya ngozi. Kilichofuata kilivunjika vipande vipande.

Julai 1585 kikombe cha fedha kilipotea walipokuwa wakitembelea vijiji. Wakakidai katika kijiji cha Aquascogoc. Hakikurudishwa, na wanakijiji wakakimbia. Kiongozi wa msafara, Sir Richard Grenville, akaagiza kijiji kichomwe na mahindi yaliyokuwa shambani yateketezwe. Kwa kikombe kimoja!

Grenville akaondoka, akawaacha wanaume 107 chini ya Ralph Lane, askari kwa kazi na kwa tabia. Hawakulima vya kutosha na chakula chao kilikwisha kuharibika (swali la 5), kwa hiyo waliwategemea wenyeji, nao wenyeji wakati huo walikuwa na shida zao. Ugonjwa ulikuwa umeingia. Harriot aliandika kwamba kila kijiji walichopita, siku chache baadaye watu walianza kufa kwa wingi, na kwamba baadhi ya wenyeji waliamini Waingereza wanawapiga kwa risasi zisizoonekana. Granganimeo alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Wingina akabadili jina, akajiita Pemisapan, akahamia bara na kuwanyima chakula. Lane akaamini kuna njama ya kuwaua. Tarehe 1 Juni 1586 akaenda kijijini kwake kana kwamba anataka mazungumzo, akatoa ishara, bunduki zikalia. Pemisapan akapigwa, akaanguka, akainuka akakimbilia msituni, na mmoja wa watu wa Lane akamfuata akarudi na kichwa chake. Siku chache baadaye Sir Francis Drake akapita na kundi la merikebu akitoka kupora miji ya Wahispania, na baada ya dhoruba kali wote wakadandia kurudi kwao. Kwa haraka hiyo waliwaacha nyuma wenzao watatu waliokuwa bara.

Ukiulizwa koloni la Roanoke lilikufa lini, jibu langu ni Juni 1586. Waliokuja mwaka uliofuata walikuta ardhi yenye damu ya chifu.

8. Je, kulikuwa na Waafrika?

Swali zuri, na halijibiwi mara nyingi inavyostahili. Drake alipofika Juni 1586 alikuwa ametoka kushambulia Santo Domingo, Cartagena na St. Augustine, na huko alichukua mamia ya watu waliokuwa watumwa wa Wahispania, Waafrika pamoja na wenyeji wa Amerika. Taarifa za Kihispania zinasema alikusudia kuwapeleka kwenye koloni la Waingereza. Dhoruba ikapiga siku kadhaa, baadhi ya merikebu zikatawanyika, na baada ya hapo kumbukumbu za Kiingereza zinahesabu askari wa Lane waliopanda na kunyamaza kuhusu wale wengine.

Wametoweka kwenye karatasi kuliko hata walowezi wa 1587, na hakuna aliyewatungia tamthilia.

## Msafara wa 1587

9. Walikuwa wangapi, na ni watu wa namna gani?

Hesabu inayotumika zaidi ni watu kati ya 115 na 117, wakiwemo wanawake 17 na watoto wachache. Wengi walikuwa watu wa kawaida wa London na vitongoji vyake. Ananias Dare, mkwe wa gavana, alikuwa fundi wa matofali na vigae. Kila familia iliahidiwa ardhi. Walitaka kujenga mji na kuuita Mji wa Raleigh, chini ya gavana na wasaidizi 12.

Gavana John White alikuwa mchoraji. Michoro yake ya rangi ya 1585, yenye vijiji, mavazi, samaki na namna ya kupika, imehifadhiwa British Museum, London, na ni hazina. Kama kiongozi hakuwa na mkono mzito, nao mabaharia waliliona hilo mapema.

10. Mbona walirudi palepale palipoharibika?

Hawakukusudia. Mpango ulikuwa kwenda Chesapeake Bay, kaskazini zaidi, kwenye maji ya kina kirefu. Roanoke walipitia tu kuwaona watu 15 ambao Grenville aliwaacha 1586, alipofika na chakula akakuta Lane ameshaondoka. Walikuta mifupa ya mmoja. Wakroatoani walisema baadaye kwamba walishambuliwa na waliosalia wakakimbia kwa mashua. Hawakuonekana tena.

Tarehe 22 Julai 1587 nahodha wa njia, Simon Fernandes, mzaliwa wa Ureno, alisema hawachukui mbali zaidi, kiangazi kinakwisha. Sababu inayotajwa sana ni kwamba alitaka kuwahi kuteka merikebu za Kihispania. White alikuwa gavana kwa hati, lakini ndani ya chombo mwenye amri ni nahodha. Wakashuka.

Siku sita baadaye George Howe, mmoja wa wasaidizi, alikuwa peke yake akitafuta kaa kwenye maji mafupi. Aliuawa kwa mishale. White akataka kulipiza. Usiku wa kuamkia 9 Agosti wakavamia kijiji cha Dasamonquepeuc wakidhani wamo wauaji, na waliowapiga wakawa Wakroatoani, rafiki zao pekee, waliokwenda kuchukua mavuno yaliyoachwa na wenye kijiji. Manteo alikuwemo kwenye msafara huo. Siku nne baada ya hapo alibatizwa na kutangazwa kuwa Bwana wa Roanoke. Alichokuwa nacho moyoni siku ile ya ubatizo hakuna aliyekiandika.

11. Virginia Dare ni nani?

Mjukuu wa gavana White, binti wa Eleanor na Ananias Dare, aliyezaliwa 18 Agosti 1587. Ni mtoto wa kwanza wa wazazi Waingereza anayejulikana kuzaliwa Amerika. Babu yake alikaa naye siku tisa.

Hayo ndiyo yote tunayoyajua juu yake. Yaliyobaki, kama kwamba aligeuzwa kulungu mweupe, ni hadithi za karne ya 19. Wamarekani wengine wamemgeuza nembo ya uzungu, jambo la ajabu kwa mtoto ambaye, kama alikua, basi huenda alikua akiongea Kialgonkwia.

12. Kwa nini White aliwaacha watu wake, pamoja na binti na mjukuu?

Walimwomba, na kwa maandishi. Chakula kilikuwa kidogo, msimu wa kupanda ulikuwa umepita, na wote waliona kwamba mtu atakayesikilizwa na Raleigh ni gavana mwenyewe. White alikataa mwanzoni akihofia watu kusema amekimbia. Aliondoka 27 Agosti 1587.

Kabla ya kuondoka walikubaliana mambo mawili. Wakihama, wachonge jina la waendako. Wakihama kwa taabu au kwa kushambuliwa, juu ya jina wachonge msalaba. Pia walikwisha kuzungumzia kuingia bara kama maili 50, yaani kilomita 80 hivi.

13. Miaka mitatu! Ilikuwaje achelewe hivyo?

Vita. Mwaka 1588 Uhispania ilikuwa inaandaa Armada, kundi kubwa la manowari la kuivamia Uingereza, na malkia aliamuru vyombo vyote vyenye uwezo vibaki nyumbani. Merikebu za Grenville zilizokuwa tayari kwenda Roanoke zikazuiwa.

Aprili 1588 White alipata vyombo viwili vidogo, Brave na Roe. Badala ya kwenda moja kwa moja, mabaharia wakaanza kufukuza merikebu za watu njiani, hadi wakakutana na Wafaransa wenye nguvu kuliko wao. Wakaporwa wao, White akajeruhiwa, wakarudi.

Mwaka 1590 alipata lifti, tena bila walowezi wapya na bila mizigo, kwenye merikebu za uharamia wa kibali zilizoondoka Machi na kuzunguka Karibi zikitafuta mateka hadi Agosti. Haya ndiyo ninayoyaita kutelekezwa. Kila safari ilikuwa na shughuli nyingine muhimu kuliko watu wa Roanoke.

## Agosti 1590

14. White alikuta nini?

Tarehe 17 Agosti mashua moja ilipinduka mlangoni na watu saba wakazama. Usiku walisogea karibu na kisiwa, wakaona moto, wakapiga tarumbeta na kuimba nyimbo za Kiingereza ili watu wao wawatambue. Hakuna aliyeitika. Asubuhi ya tarehe 18, siku mjukuu wake anatimiza miaka mitatu, wakashuka pwani.

Kwenye mti juu ya kilima waliona herufi CRO. Mbele, nyumba zilikuwa zimebomolewa na kuondolewa na mahali pake pamezungushiwa wigo wa magogo makubwa. Kwenye nguzo moja ya kulia mlangoni, gome limebanduliwa na limechongwa kwa herufi nzuri: CROATOAN. Msalaba haupo. Mashua ndogo na mizinga midogo havikuwepo. Makasha ya White yaliyokuwa yamezikwa yalifukuliwa, vitabu vyake vimechanika, ramani zimeoza kwa mvua na deraya yake imeliwa na kutu.

Watu waliouawa kwa ghafla hawabomoi nyumba wakaondoka na mbao. White mwenyewe aliandika kwamba alifurahi, kwa sababu Croatoan ndiko alikozaliwa Manteo.

15. Kwa nini basi hakwenda Croatoan, wakati ni jirani?

Walikubaliana kwenda kesho yake. Hali ya hewa ikachafuka, kamba ya nanga ikakatika, wakapoteza nanga hadi ikabaki moja, na maji ya kunywa yalikuwa yanakwisha. Wakaamua kwenda Karibi kukaa msimu wa baridi na kurudi mwaka unaofuata, upepo ukawasukuma hadi Azores, na Oktoba White alikuwa Plymouth.

Hakurudi tena. Barua yake ya mwisho tuliyonayo aliiandika 1593 akiwa Ireland.

## Waliishia wapi?

16. Jibu lako ni lipi?

Kundi moja lilikwenda Croatoan kama lilivyoandika. Kisiwa kile kilikuwa chembamba, hakingeweza kulisha wageni zaidi ya mia juu ya wenyeji wake, hivyo naona kuna uwezekano mkubwa kwamba wengine waliingia bara kama walivyopanga (swali la 12). Waliobaki hai walioana na wenyeji.

Mwaka 1709 John Lawson, mpimaji aliyezunguka Carolina, alichapisha kwamba Wahatteras walimwambia baadhi ya mababu zao walikuwa watu weupe walioweza kusoma kitabu, na kwamba kati yao wapo wenye macho ya kijivu. Wahatteras ni wale wale Wakroatoani. Wenyeji walilitoa jibu lenyewe zaidi ya miaka 300 iliyopita. Lakini "fumbo" linauza kuliko "walihamia kwa jirani".

17. Nimesoma kwamba Powhatan aliwaua. Kweli?

Powhatan alikuwa mtawala mkuu wa wenyeji karibu na Jamestown. William Strachey, katibu wa koloni hilo, aliandika kwamba aliwaua watu wa Roanoke waliokuwa wakiishi miongoni mwa wenyeji wengine karibu na Chesapeake. Inawezekana kundi la bara lilipatwa na hilo. Lakini Strachey hakuona kwa macho yake, na Jamestown ilikuwa ikitafuta sababu ya kumpiga Powhatan. Taarifa hii naipokea kwa tahadhari, wala siitumii kueleza kilichowapata wote.

18. Na Wahispania je?

Waliwatafuta, hawakuwapata. Mwaka 1588 nahodha Vicente González aliingia kwenye maji hayo akaona gati la kuvutia vyombo na visima vya mapipa ya Kiingereza, bila watu.

19. Wanaakiolojia wamepata nini?

Kisiwani Roanoke, upande wa kaskazini, wamefukua karakana ambayo Joachim Gans, mtaalamu wa madini Myahudi kutoka Prague, na Harriot walipimia madini mwaka 1585. Hiyo ni ya kundi la Lane. Mji wa 1587 wenyewe haujapatikana. Ufuo wa kaskazini umeliwa sana na maji.

Bara, mwaka 2012 kiraka cha karatasi kwenye ramani ya White kilichunguzwa kwa mwanga, na chini yake ikaonekana alama ya ngome, kwenye kichwa cha Albemarle Sound. Karibu na hapo vimepatikana vigae vya vyungu vya Kiingereza vya zama hizo, vya watu wachache.

Hatteras ndiko kunakonivutia zaidi. Anayeongoza uchimbaji ni Mark Horton, na msomaji wa Pwani huenda analifahamu jina hilo: ndiye aliyefukua magofu ya Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980. Pale Shanga alifuata tabaka kwa tabaka jinsi mji wa wenyeji ulivyopokea wageni na vitu vyao. Hatteras anasoma jambo la jamaa hiyo: vitu vya Kiingereza ndani ya majaa ya wenyeji. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba wamepata magamba ya chuma yanayodondoka mhunzi anapofua, katika tabaka la zama hizo. Wenyeji hawakuwa na ufuaji wa namna hiyo. Si ushahidi wa mwisho, ila magamba hayasafiri kwa biashara kama kisu au shanga. Huanguka pale pale palipo na nyundo.

Tahadhari moja: pete yenye picha ya simba iliyopatikana Hatteras 1998 ilitangazwa kuwa ya dhahabu na ya mmoja wa watu wa 1585. Vipimo vya baadaye vilionyesha ni shaba tu.

20. Yale mawe ya Eleanor Dare?

Mwaka 1937 mtu alileta chuoni jiwe lenye maandishi ya Eleanor akimweleza baba yake kwamba Ananias na Virginia wameuawa. Zawadi ya pesa ikatangazwa kwa atakayepata mengine, na mawe yakaanza kuota kama uyoga, zaidi ya 40. Mwaka 1941 gazeti moja likafichua utapeli. Jiwe la kwanza bado lina watetezi wachache. Mimi simo.

21. Je, ni njaa iliyowaondoa?

Ilichangia. Mwaka 1998 watafiti waliosoma pete za miti mikongwe ya kinamasi ya eneo hilo walitangaza kwamba 1587 hadi 1589 ndiyo miaka mitatu mikavu kuliko yote katika miaka 800. Mahindi yalikuwa haba kwa kila mtu. Unaweza kuona kwa nini mia moja wasiojua nchi hawangekaa pamoja mahali pamoja.

22. Wapo watu leo wanaojisema wazao wao?

Wapo. Walumbee, watu wa asili wa North Carolina, wamehusishwa na Roanoke tangu miaka ya 1880, na familia za Hatteras nazo zina simulizi zao. Vipimo vya vinasaba havijathibitisha, na vina kikwazo cha wazi: huna mlowezi wa 1587 wa kumlinganisha naye.

## Mengineyo

23. Mji wa Roanoke, Virginia, ndio huu?

Hapana. Ule uko bara, mamia ya kilomita magharibi.

24. Majini, mapepo, laana?

Hayo ni ya runinga. Soma swali la 14.

25. Ni koloni pekee la Waingereza lililoshindwa?

Mbali na hapo. Mwaka 1607, mwaka uleule wa Jamestown, walianzisha koloni la Popham katika Maine ya leo. Gavana wake akafa majira ya baridi, na mwaka mmoja baadaye wakafungasha. Karibu na kwetu, mwaka 1645 Waingereza wapatao 140 wakiongozwa na John Smart walishuka katika ghuba la St. Augustine, kusini magharibi mwa Madagaska, wakitarajia paradiso waliyosifiwa London. Njaa, homa na ugomvi na wenyeji juu ya ng'ombe viliwamaliza. Walipoondoka Mei 1646 walikuwa wamebaki chini ya nusu. Hao hawakuitwa "waliopotea". Kuna aliyeandika walivyokufa.

26. Kuna cha kuona leo?

Kuna hifadhi ya Fort Raleigh kaskazini mwa kisiwa, yenye tuta la udongo lililojengwa upya, na tamthilia ya uwanjani inayochezwa kiangazi tangu 1937. Wilaya inaitwa Dare. Makao makuu yake, yenye maduka na hoteli za watalii, yanaitwa Manteo. Ukishuka upande wa pili wa kisiwa, kusini, kuna kijiji cha wavuvi, boti nyingi na harufu ya kaa. Kinaitwa Wanchese.